Orodha ya msamiati ni ghala, si shule

Leo nina ugomvi. Sigombani na mtu, nagombana na karatasi: ile orodha ya msamiati inayouzwa, inayonakiliwa na kukaririwa kuanzia Nyeri mjini hadi Karatina, Othaya, Kerugoya, Embu na Nanyuki kila muhula wa tatu unapobisha hodi. Unaijua. Mtoto wa simba ni shibli. Mtoto wa sungura ni kitungule. Mtoto wa chura ni kiluwiluwi. Zawadi ya kumwona mtoto mchanga ni fola. Aliyeokota kitu kilichopotea hupewa kiangazamacho. Na kadhalika na kadhalika, kurasa kwa kurasa, herufi ndogo kama mchwa.

Nayaweka madai yangu mezani mapema ili asiye na muda aende zake. Orodha ile, kwa jinsi inavyotumiwa, haimfundishi mtoto maneno. Inamfundisha kuyatambua akiyaona, kwa siku chache, kisha inamwacha mataani. Njia iliyo bora ipo. Imepimwa, haina gharama ya kutisha, haihitaji simu wala intaneti. Kutoitumia ni uzembe wetu sisi watu wazima: walimu, wazazi, wachapishaji, na sisi waandika programu pia. Tutafikiana, msijali.

MTIHANI ULIKUFA, DAWA YAKE IKABAKI

Orodha haikuteremka kutoka mbinguni. Kwa sehemu kubwa ni zao la KCPE, mtihani wa darasa la nane ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Karatasi ya Kiswahili ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu, A, B, C au D, na insha kando. Sasa fikiria swali la kuchagua linauliza nini hasa. Halikuulizi kama neno unalo. Linakuuliza kama unaweza kulitambua likiwa limesimama foleni na wenzake watatu. Kwa kazi hiyo orodha ilitosha. Ulisoma "shibli" mara kumi, ukaliona tena chumbani mwa mtihani, ukasema huyu namjua, ukatia alama, ukaenda.

KCPE imekwenda. KCSE bado ipo, na KCSE ya Kiswahili haina foleni ya kuchagua. Karatasi ya 102/1 inadai insha 2, kila moja alama 20. Karatasi ya 102/2 ina ufahamu alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Karatasi ya 102/3 ni fasihi, alama 80. Jumla 200. Kote huko mtahiniwa anaandika mwenyewe. Hakuna anayemwekea neno mezani alitambue. Neno litoke kichwani, likiwa na ngeli yake sahihi, kwenye sentensi inayosimama, saa inakimbia.

Kutambua na kutoa ni kazi mbili tofauti. Kwa lugha ya kazi yangu: faili ipo kwenye diski, lakini hakuna anwani inayokufikisha kwake. Unaweza kuapa kwamba ipo. Haikusaidii kitu.

Na si mchezo wa wasomi huu. Tangu matokeo ya KCSE ya mwaka 2023, gredi ya jumla inahesabu Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi, kisha masomo mengine 5 bora. Maana yake ni kwamba mtoto ambaye Kiingereza kimemshinda anaweza kubebwa na Kiswahili. Shahada ya chuo kikuu inadai C+ kwenda juu. Kati ya C na C+ kuna mlango, na mtoto wa mkulima wa kahawa aliyeuza ng'ombe kulipa karo anausukuma mlango huo kwa mikono miwili. Sisi tunampa karatasi ya shibli na kitungule. Aibu!

KISWAHILI CHETU, MAABARA YAO

Hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Mwezi wa Februari mwaka 2008, jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti wa wanasaikolojia wawili, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger. Walitaka kujua ni nini kinachomfanya mtu akumbuke neno jipya. Unajua maneno waliyotumia? Ya Kiswahili! Jozi 40 za maneno, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule. Mfano mmojawapo ni "mashua". Sababu ni rahisi kuiona: wanafunzi wa chuo Marekani hawakijui Kiswahili, lakini wanaweza kuyasoma maandishi yake bila shida.

Wanafunzi waligawanywa katika vikundi 4. Wote walisoma jozi zile na wote waliulizwa. Tofauti ilianza pale mwanafunzi alipolipata neno kwa mara ya kwanza. Kikundi kimoja kiliendelea kulisoma na kuulizwa. Cha pili kiliacha kulisoma lakini kiliendelea kuulizwa. Cha tatu kiliendelea kulisoma lakini hakikuulizwa tena. Cha nne kiliacha yote mawili. Siku ile ya kujifunza ilipokwisha, vikundi vyote vilikuwa vimeyapata maneno yote au karibu yote. Ungeingia darasani wakati huo ungesema wote ni mabingwa, na mwalimu angekwenda kunywa chai.

Baada ya wiki moja wakapimwa tena. Vikundi viwili vilivyoendelea kuulizwa vilikumbuka karibu asilimia 80. Viwili ambavyo havikuulizwa tena vilikumbuka karibu thuluthi moja tu. Sasa sikiliza hili: kile kikundi kilichoendelea kusoma na kusoma bila kuulizwa kiliambulia asilimia 36. Kile kilichoacha kusoma na kuulizwa kabisa kilipata asilimia 33. Kusoma kote kule kwa ziada hakukuleta karibu chochote! Na walipoombwa kutabiri wangekumbuka maneno mangapi, vikundi vyote vilitabiri karibu nusu. Hakuna aliyejua kilichokuwa kikiendelea ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Ndugu msomaji, rudia aya hiyo polepole. Maneno yetu, ya bibi na babu wa pwani, yalipelekwa Marekani yakathibitisha kwamba kusoma orodha tena na tena ni kupoteza muda. Miaka imepita. Mlimani hapa bado tunasoma orodha tena na tena.

KWAYA YA DARASA

Utaniambia: lakini sisi hatusomi kimya, sisi tunaimba. Mwalimu anasema "simba!", darasa linajibu "shibli!". Je, huko si kuulizwa?

La hasha. Katika kwaya ya watoto 50, watoto 10 wanajua na 40 wanafuata nusu sekunde nyuma. Mwalimu anasikia sauti moja tamu. Mtoto wa dawati la nyuma hajakitafuta kitu chochote kichwani, ameazima mdomo wa jirani.

Na kwaya inaficha kosa letu sugu la huku mlimani, l na r. Kalamu ya kuandikia, kwa Gĩkũyũ ni karamu. Kwa Kiswahili karamu ni sherehe ya kula na kunywa. Mahali si mahari. Hali si hari. Kwaya ikiimba, "kalamu" na "karamu" ni kitu kimoja. Kosa hilo halisikiki kamwe mpaka siku mtoto anapoandika kwenye insha kwamba alinunua karamu mpya dukani, na mtahini anatia alama nyekundu. Kila mtoto angeulizwa peke yake na kuandika jibu, kosa lingeonekana Machi, si Novemba.

NENO LINA KWAO

Lawama ya pili kwa orodha: inang'oa neno kutoka mahali linapoishi. Neno na maana, neno na maana, kama namba za simu. Kumbe huku kwetu maneno yamejaa barabarani, tunayaruka tu.

Chukua mpunga, mchele na wali. Nyumbani mara nyingi vyote vitatu ni mũcere, basi, na watoto wanayachanganya maneno haya hadi kidato cha nne. Orodha inawapa mistari mitatu ya kukariri. Badala yake mpitishe mtoto kwa macho ya mawazo katika barabara ya Mwea. Kilichosimama majini shambani ni mpunga. Kilicho kwenye gunia pale Wang'uru ni mchele. Kilicho kwenye sahani yake ni wali. Amemaliza. Hatasahau, kwa sababu sasa kuna hadithi na kuna njia.

Chukua mbuni. Orodha inasema mbuni ni ndege mkubwa asiyeruka. Sawa. Lakini mtoto wa Mukurweini au Othaya amelisikia neno hilo tangu utotoni kwenye kiwanda cha kahawa, ambako kahawa iliyokaushwa na ganda lake huitwa mbuni na bei yake ni ya kulia. Katika kamusi, mbuni ni mti wa kahawa na tunda lake ni buni. Kubuni nako ni kuunda jambo jipya kichwani. Mtoto tayari ana ndoano moja ukutani, sisi tunamwambia atundike nguo hewani.

Nenda soko la Karatina. Mkungu wa ndizi ni ule mzima jinsi ulivyokatwa mgombani. Chane ni kile kipande chenye ndizi zilizoshikana ambacho mama anakuuzia. Nomino za makundi ziko pale chini kwenye gunia, wala hujalipa mtu senti.

Halafu kuna lugha ya mama, ambayo shule nyingi bado zinaitendea kama ugonjwa. Mtoto wa Kigĩkũyũ akiambiwa uta ni upinde anaona ni neno la kutisha. Kwa Gĩkũyũ upinde ni ũta! Kũrima ni kulima. Kĩrĩma ni kilima. Mũtĩ na mĩtĩ ni mti na miti, na hapo hapo umempa ngeli bila kumwonyesha jedwali. Lugha hizi ni ndugu. Kumwadhibu mtoto kwa kuongea ya kwanza huku ukimtaka aipate ya pili ni kubomoa daraja kisha kumchapa kwa kuchelewa kuvuka mto.

KISANDUKU

Basi tufanyeje? Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo alivyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yanashinda marudio yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 1972 Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, aliligeuza wazo hilo kuwa sanduku la kadi. Mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland aliliandikia programu ya kompyuta. Mwaka 2006 ikaja Anki ya Damien Elmes, programu huria ambayo hadi leo mamilioni ya maneno ya lugha mbalimbali yanapita ndani yake. Kiini ni kilekile: ulizwa, na uulizwe tena karibu na wakati unapotaka kusahau.

Huhitaji kompyuta. Unahitaji karatasi za manila 2, makasi na boksi la viatu lililogawanywa vyumba 5. Hatua ndizo hizi:

1. Kata kadi ndogo. Mbele andika swali, nyuma jibu. Swali lisiwe neno tupu, liwe sentensi yenye pengo: "Mkulima alibeba ____ mzima wa ndizi kutoka mgombani." Nyuma: mkungu, mikungu, ngeli ya U-I.

2. Kadi mpya zote zinaanzia chumba cha 1. Chumba cha 1 kinaulizwa kila siku, cha 2 kila baada ya siku 2, cha 3 kila baada ya siku 4, cha 4 kila wiki, cha 5 kila baada ya wiki 2.

3. Andika jibu kwa kalamu kabla ya kugeuza kadi. Usiseme "aa, nilikuwa najua". Ulikuwa hujui. Karatasi haina huruma, na hiyo ndiyo faida yake.

4. Ukipata, kadi inapanda chumba kimoja. Ukikosa, inarudi chumba cha 1, hata kama ilikuwa cha 5. Usihuzunike, huo ndio mtambo ukifanya kazi.

5. Maneno mapya 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Si zaidi. Kwa wiki 12 hayo ni maneno 480. Yanaonekana machache mbele ya orodha ya 3,000, lakini haya utakuwa nayo chumbani mwa mtihani.

6. Maneno yatoke kwenye unachosoma. Tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege na riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ziko mikononi mwa watahiniwa kwa ajili ya karatasi ya fasihi. Kila ukurasa una maneno ambayo hawayajui, yakiwa yamevaa nguo zao kamili. Ongeza nakala moja ya Taifa Leo kwa wiki. Unavua samaki wa msamiati na wa fasihi kwa wavu mmoja.

Dakika 20 jioni zinatosha. Wawili wawili ni bora zaidi, mmoja akishika kadi, mwingine akiandika.

SASA SISI WAANDIKA PROGRAMU

Mnafikiri nimewasahau? Fungua duka lolote la programu za simu, tafuta msamiati wa Kiswahili. Mengi utakayoyaona ni orodha ileile, imeondolewa kwenye karatasi na kutiwa kwenye skrini. Unatelezesha kidole, neno na maana vinatokea pamoja, tangazo la mkopo linaruka katikati. Hiyo si programu ya kujifunza. Ni karatasi inayomaliza betri.

Programu ya kufundishia neno lazima ifanye mambo machache. Iulize kabla ya kuonyesha. Idai jibu liandikwe, si kuguswa miongoni mwa manne. Ikumbuke ulichokosa na kukirudisha kwa ratiba. Ifanye kazi bila mtandao. Na imruhusu mwalimu kutoa maneno yake yote katika faili ya maandishi ya kawaida, ili siku programu ikifa, maneno yasizikwe nayo.

Kuna jambo lingine la wazi ambalo tunajifanya hatulioni: shule zetu nyingi za bweni haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Unamwandikia nani? Kitu chenye manufaa zaidi unachoweza kumwandikia mwalimu wa Kiswahili wa Nyeri ni programu ndogo isiyopendeza hata kidogo, inayosoma faili ya sentensi zenye mapengo na kuchapa kurasa za kadi tayari kwa makasi. Ni kazi ya jioni moja. Hakuna atakayekupa tuzo. Iandike.

NAWASIKIA WAPINZANI

"Sisi tulipita kwa orodha." Mlipita mtihani wa kuchagua, na wengi mlikuwa mnasoma magazeti na riwaya kando. Orodha ikachukua sifa za riwaya.

"Muda hautoshi, silabasi ni ndefu." Kwaya ya asubuhi inachukua muda gani? Chukua huohuo.

"Insha nzuri inataka maneno mazito." Insha nzuri inataka maneno sahihi. Mtoto anayefungua kila insha kwa alfajiri ileile, jua lilelile na ndege walewale wa orodha haonyeshi ukwasi wa lugha. Anaonyesha kwamba amekremu, kama wanavyosema wenyewe, na mtahini amekwisha kusoma ndege hao mara 200 siku hiyo.

"Haya ni mambo ya Wazungu." Hapa nacheka. Kitendawili! Tega! Anayetega anauliza, anayeteguliwa lazima atafute jibu mwenyewe kichwani, akishindwa anatoa mji ndipo aambiwe. Huku kwetu tunasema gwata ndaĩ, nawe unajibu ndagwata. Uliza kwanza, onyesha baadaye, rudia usiku mwingine. Nyanya zetu walikuwa na mtambo huu jikoni kabla ya Ebbinghaus kuzaliwa. Orodha ya kukaririwa kwa pamoja ndiyo iliyokuja na shule.

Sisemi orodha ichomwe moto. Ni ghala. Mwalimu aingie humo achague maneno, ayatengenezee sentensi, ayatie kwenye kisanduku. Lakini mtu hashibi kwa kukaa ghalani akihesabu magunia.

Anayenipinga asinitumie hadithi, anitumie vipimo. Chukua maneno 20 ambayo darasa lako haliyajui. Nusu ya darasa iyaimbe dakika 20. Nusu nyingine isome dakika 5 na kuulizana kwa kadi dakika 15. Subiri siku 7 bila kuwaambia chochote. Kisha wape wote karatasi tupu, useme: andikeni. Hesabu, ulete namba, tubishane juu ya namba.